Kamati ya Wakwe

Mama hakutaka jambo kubwa. Alitaka kuvuka kijito aende kwa mdogo wake. Nalisema hili mapema kwa sababu katika mikutano yote niliyoiandikia kumbukumbu, hilo ndilo lililopotea kwanza. Kila lilipoinua kichwa lilivishwa maneno ya sherehe, maendeleo, muungano wa jamii, miundombinu, hadi mgeni angedhani tunajenga bandari.

Kwetu ni Shinyalu, mahali ambapo ardhi inateremka kutoka barabarani mpaka kwenye kijito kinachotoka msituni. Ukisimama uani kwa Mama unauona mteremko wa ng'ambo: vishamba vya majani chai, mahindi, migomba, na karibu na maji, paa la mabati la mama mdogo. Wawili hao walizaliwa Matete, kaskazini huko. Mama alitangulia kuolewa huku, na mdogo wake akaletwa kumsaidia kulea mtoto wa kwanza, ambaye ndiye mimi. Akaonwa na kijana wa ng'ambo, na Matete hakurudi tena. Kwa hiyo naweza kujisifu kwamba mimi ndiye niliyempatia mama mdogo mume, ingawa wakati huo kazi yangu ilikuwa kulia na kunyonya tu.

Kati ya nyumba hizo mbili kulikuwa na daraja la magogo mawili, yaliyolazwa na watu ambao hakuna aliyewakumbuka. Nadhani hawakuwa na kamati. Nilikua nikiwaona dada hao wakilivuka kila mmoja kwa mwendo wake: Mama akipita moja kwa moja bila kutazama chini, mama mdogo akisimama katikati ili aseme jambo ambalo lingeweza kungoja. Siku za mkutano wa akina mama kanisani, wakitoka, walipitia kwa mmoja wao, wakakaa jikoni kuchambua mrenda na kubishana juu ya munyu, ile chumvi ya majivu ya maganda ya maharagwe inayolainisha mboga. Mama aliutengeneza mkali. Mama mdogo alisema ni mkali mno, kisha akaomba wa kubeba. Ubishi huo walikuwa nao tangu ujana na sikumbuki siku walipouchoka.

Halafu mwaka mmoja mvua ilizidi, kijito kikapanda, na magogo yakaenda. Kulipokucha tulikuta kingo zimemegeka pande zote mbili na maji ya rangi ya udongo yakipita katikati, mengi na ya haraka.

Mama alikuwa tayari na nyonga mbaya. Kuteremka hadi kwenye maji kwa fimbo aliweza, na kupanda kale kamwinuko ka ng'ambo mpaka kwa mdogo wake angeweza pia. Kilichomshinda ni kuzunguka. Njia ya kuzunguka inapanda hadi barabarani, inapita sokoni, kisha inashuka upande wa pili kwa kijia kirefu cha mawe ambacho gari haliingii. Pikipiki zinaingia, lakini Mama alikuwa ameanguka nayo mara moja, na daktari akamwonya kuwa mtikiso mwingine wa aina ile utamlaza moja kwa moja. Tulipomshauri vijana wambebe kwa kiti, alituangalia mmoja mmoja.

"Mtu anabebwanga akishakufa," alisema. "Mimi bado."

Naye mama mdogo hakuweza kuja. Moyo wake ulikuwa umechoka, miguu ikavimba, hata uani kwake alitembea kwa kushika ukuta. Simu walikuwa nazo. Lakini mama mdogo alikuwa na masikio mazito, kwa hiyo mazungumzo yao yalikuwa ni kuulizana kama wanasikiana. Wakishahakikisha kwamba wanasikiana, chaji inaisha.

Naibu wa chifu akaitisha baraza. Mzee mmoja wa ng'ambo akasimama, akasema ana mikaratusi miwili iliyonyooka vizuri, anaitoa bure, watu waje waikate. Makofi yakapigwa. Hapo mambo yangekuwa yamekwisha. Shoka lilikuwepo, kamba ilikuwepo, vijana walikuwa wamekaa palepale kwenye nyasi wakichezea simu zao. Lakini kwetu makofi yakishapigwa lazima iundwe kamati, na kamati ikaundwa.

Mimi sikuwepo. Naishi Amalemba, mjini, na siku hiyo nilikuwa ofisini. Nilipigiwa simu jioni nikaambiwa, "Hongera, katibu." Sababu ya kuchaguliwa kwangu ilikuwa kwamba naketi mbele ya kompyuta mchana kutwa, kwa hiyo kuandika hakunisumbui. Nilifurahi kweli. Nilijiambia kwamba kwa kuwa niko ndani ya kamati, Mama atavuka kabla ya mahindi kukomaa. Sikusema mahindi ya mwaka gani.

Naibu wa chifu alikuwa ameagiza kwamba kila ukingo upate wajumbe sawa, na wanawake wasisahaulike. Upande wetu ukamtoa mwenyekiti: mama mjane, mkunga mstaafu, aliyewapokea duniani karibu nusu ya waliokuwa barazani na ambaye bado aliwaangalia kwa jicho hilo. Upande wa ng'ambo ukamtoa makamu: mwalimu mstaafu, mtu mpole, mwenye maneno mazuri na mengi. Wote wawili walistahili. Tatizo ni kwamba mwalimu alikuwa amemwoa binti wa mwenyekiti.

Kwa asiyejua kwetu, nieleze. Mama mkwe na mume wa binti yake hawapeani mikono. Hawali wakionana. Hawakai chumba kimoja. Wakikutana njiani mmoja anaingia kichakani, anajifanya anatafuta kuni au dawa ya mafua, mpaka mwenzake apite. Si chuki hata kidogo, ni heshima. Na watu wote barazani walijua uhusiano wa wale wawili. Waliuona wakati majina yanatajwa, waliuona wakati mikono inainuliwa, na hakuna aliyefungua mdomo, kwa sababu kumtaja mtu na mkwe wake hadharani, mbele ya umati, ni kuwaaibisha. Basi heshima ikawachagua wote wawili, na heshima hiyohiyo ikakaa nasi kwenye kamati mpaka mwisho.

Mkutano wa kwanza ulikuwa nyumbani kwa mwenyekiti. Yeye alikaa ndani na sisi wengine. Makamu alikaa nje, chini ya upenu, kando ya kibanda cha kuku. Mimi nikawekwa dirishani.

"Katibu," alisema mwenyekiti, "wajulishe walio nje kwamba mkutano umefunguliwa."

Nikatoa kichwa. "Mwalimu, mkutano umefunguliwa."

"Nimesikia," alisema, na angekosaje kusikia? Sauti ile ilizoea kuamrisha wanawake wasukume. "Hata hivyo, wafikishie walio ndani shukrani zangu kwa kunijulisha."

Nikaingiza kichwa, nikafikisha shukrani.

Mwalimu ndiye aliyetoa wazo la maana siku hiyo. Alisema mikaratusi ikatwe Jumamosi inayofuata. Mwenyekiti akatikisa kichwa, akasema ni sawa kabisa. Mimi nikaandika. Lakini mwalimu, aliposikia amekubaliwa haraka namna hiyo, aliingiwa na wasiwasi kwamba ataonekana amemsukuma mama mkwe wake, akaomba isemwe kuwa Jumamosi alikuwa anaitaja tu kama mfano. Mwenyekiti naye akaona kumshikilia mkwe kwa neno alilolitoa kwa nia njema si ungwana, akasema siku achague mwalimu. Mwalimu akasema siku wachague wakubwa. Uamuzi ukatoka nje kwa dirisha, ukarudi ndani, ukatoka tena, mpaka chai ikaja.

Chai nayo ilikuwa na taratibu zake. Mwenyekiti asingeweza kutafuna nduma huku mkwe wake akimwona, wala mkwe asingeweza kunywa huku akisikika. Mwalimu akapelekewa kikombe nyuma ya ghala la mahindi. Mkutano ukasimama. Aliporudi, tayari mawingu ya alasiri yalikuwa yamekaa juu ya msitu, na kwetu mawingu hayo hayadanganyi. Mwenyekiti akafunga kwa maombi kabla hatujanyeshewa. Nilifika kwa Mama nikiwa nimelowa.

"Mmefika wapi?" aliniuliza.

"Tumefungua," nilisema.

Tukahamia kanisani, maana huko ni kwa wote. Akina mama wa kanisa wakafunga kamba katikati, kutoka nguzo hadi nguzo, wakatundika leso mbili, mwenyekiti upande huu, makamu upande ule. Mimi nilikaa kwenye mpaka na meza yangu ndogo, nikiona pande zote mbili. Kila aliyetaka kusema aliiambia leso. Moja ilikuwa na maandishi ya kumsifu Mungu na nyingine ya kumsuta jirani, na kwa muda mrefu nilifikiri ile ya pili ilikuwa ikituhusu.

Nisidanganye, kulikuwa na siku nilicheka mpaka nikaomba ruhusa ya kutoka. Nilikuwa nikirudi Amalemba nawasimulia wenzangu ofisini, nao wakicheka. Kisha nikilala naiona sura ya Mama na sioni tena cha kuchekesha.

Tulipofika kwenye upana wa daraja ndipo tulipozama. Mzee mwenye mikaratusi, ambaye naye alikuwa mjumbe, aliuliza swali kwa sauti ya chini, akiitazama kofia yake.

"Nasemanga hivi tu, si kwa ubaya. Nikiwa katikati ya daraja, na upande ule mkwe wangu ameshaanza kuja. Njiani najua nitaingia kichakani. Hapo juu ya maji nitaingia wapi?"

Lazima mjue kwamba mteremko huu na ule vimeoana tangu mababu. Mabinti wa kwetu wako kule, na wa kule wako kwetu. Hakuna mtu mzima wa ukingo mmoja asiye na mkwe kwenye ukingo mwingine. Daraja la zamani lilikuwa na tatizo hilohilo miaka yote, na watu walilimaliza kwa kungoja kidogo ukingoni wakiangalia mbele. Lakini hilo lilikuwa jambo la kufanya, si la kujadili. Likishawekwa mezani linataka jibu.

Pendekezo la kwanza lilikuwa daraja la magogo manne, ili watu wapishane bila kugusana. Mikaratusi ilikuwa miwili. La pili lilikuwa kuweka kibaraza katikati, cha kuingilia mtu anayepisha, na ikabidi tujadili kama atasimama humo akiangalia maji au akimpa mkwe mgongo. La tatu, ambalo nililiandika kwa mkono wangu mwenyewe na bado siamini, lilikuwa madaraja mawili, la kwenda na la kurudi. Lilipata wafuasi wengi. Makamu akalisifu kwa upande wake wa leso kwamba ni wazo pana, ila lahitaji utafiti. Kamati ndogo ikaundwa ya kuchunguza kupishana.

Mikaratusi yenyewe haikuwa ikingoja kamati ndogo. Iliendelea kunenepa. Baada ya muda mzee akatutaarifu kwamba ile ambayo ingebebwa na vijana wanane sasa itataka wengi zaidi, na hilo nalo likawa ajenda.

Kila nikienda nyumbani Mama aliniuliza swali lilelile.

"Mmefika wapi?"

"Tuko kwa upana."

"Bado?"

"Bado, Mama."

Alikuwa akitoa maharagwe kwenye maganda, akiyatenga maganda kwa ajili ya munyu. "Waambie mimi nimekonda," alisema. "Natosheanga popote."

Munyu huo nilikuwa naupeleka mimi. Mama aliutia kwenye chupa ya soda, akaufunga kwa gunzi la mahindi, nami nikapanda pikipiki nikazunguka kwa ile njia ndefu mpaka kwa mama mdogo. Nilimkuta kitandani au kwenye kiti chenye mto. Aliishika chupa kwanza bila kuifungua, akaipakata mapajani, akaniuliza habari za watoto wa watu na bei ya sukari. Kisha akamimina tone kiganjani, akalamba.

"Safari hii ni mwepesi," alisema siku moja. "Hajachuja vizuri. Macho yanamsumbua?"

Sikujua kama macho yanamsumbua. Niliporudi nilimchunguza Mama akishona kifungo, nikaona anatafuta tundu la sindano kwa kidole. Siku nyingine mama mdogo alilamba akatabasamu. "Huu umenichoma. Leo ana nguvu." Nikabeba maneno hayo kurudi nayo ng'ambo, na Mama akafurahi kupita nilivyotarajia, akasema huyo tangu utoto analalamika.

Niliwaona wakizeeka kwa zamu, mmoja huku, mwingine kule, na katikati mimi na chupa ya soda. Niliwatamania siku moja tu jikoni, moshi machoni, mmoja akimnyang'anya mwenzake mwiko. Nilikitamani kitu hicho kwa namna ambayo sijatamani cheo wala gari. Mtu wa umri wangu ana aibu kusema anawataka mama zake wakae pamoja ili yeye akae chini awasikilize wakigombana, lakini ndicho nilichotaka.

Kisha jirani akanipigia simu nikiwa kazini. Alimkuta Mama kule chini kwenye kijito, peke yake, fimbo mkononi, sketi ameifunga magotini, mguu mmoja majini. Alikuwa anapima.

Nilichukua ruhusa nikaenda. Sikumgombeza. Nilimkausha miguu, naye akaniacha nimkaushe, jambo ambalo lilinitisha kuliko maji.

"Kumbe ni baridi," alisema. "Yanatokanga msituni, ndiyo maana."

Mkutano uliofuata sikuandika chochote. Ajenda iliposomwa nilisimama kati ya leso na leso, nikasema kila kitu. Nikasema Mama yangu ataingia kwenye maji hayo afe, na wao watakuwa hapa wanajadili atapishana na nani. Nikasema ni magogo mawili tu. Nikasema kama kuna mtu anaogopa kukutana na mkwe wake basi na akae nyumbani. Neno moja au mawili hayakuwa ya kanisani.

Walinisikiliza wote kwa makini. Mwenyekiti alifuta macho. Makamu, upande wa pili, aliguna kwa huzuni ya kweli. Kisha mwenyekiti akasema kamati inamshukuru katibu kwa maneno yaliyogusa mioyo, na ikaagizwa kwamba maneno hayo yaingizwe kwenye kumbukumbu. Na nani? Na katibu. Nikaketi, nikaandika: *Katibu alitoa maoni yake kwa nguvu.* Kisha tukarudi kwenye taarifa ya kamati ndogo.

Hawakuwa watu wabaya. Hilo ndilo lililonikera zaidi. Ningekuwa na adui ningepigana naye. Lakini utapigana vipi na watu wanaokupenda, waliokuja na vyakula kwenu baba alipofariki, na ambao kosa lao lote ni kwamba hakuna anayetaka kumtangulia mwenzake mlangoni?

Mama mdogo alifariki asubuhi ya siku ya kawaida, kabla ya chai. Mke wa mwanawe alinipigia mimi kwanza ili nimwambie Mama kwa mdomo. Nilifika Shinyalu nikamkuta Mama ameshajua. Alikuwa ameketi uani ameelekea ng'ambo, kwa sababu mayowe hayahitaji daraja.

Sasa nisikilizeni kilichotokea. Kwetu msiba ukiingia, kamati ya mazishi haiundwi, inajikuta ipo. Kabla ya saa sita watu walikuwa wamegawana maji, kuni, hema, masufuria, ng'ombe, mchungaji, na gari la kuleta mwili kutoka mochari hadi barabarani siku ya maziko. Walikuwa watu walewale. Mwenyekiti yuleyule, makamu yuleyule, mzee wa mikaratusi yuleyule. Mtu mmoja akasema viti na masufuria ya kanisa yako upande wetu, na msiba uko ng'ambo, vitavukaje? Hakuna aliyeliweka hilo mezani. Nikasikia shoka.

Nilisimama ukingoni nikaona mkaratusi wa kwanza ukianguka, kisha wa pili. Mzee mwenyewe ndiye aliyekuwa akipiga, shati amelivua. Mwalimu alikuwa ndani ya maji hadi kiunoni na suruali yake ya kitambaa, akipokea gogo kwa bega. Na mwenyekiti, mama mkwe wake, alisimama juu yake ukingoni, leso imefungwa kiunoni, akimwelekeza kwa sauti ya chumba cha uzazi.

"Wewe mwalimu! Shika huko chini! Sukuma, usiwe unabembeleza!"

"Nasukuma, mama!" mwalimu alijibu.

Hakuna aliyeshtuka. Sidhani hata wenyewe walijisikia. Vijana wakaleta mbao za jukwaa la kwaya, wakazigongomea juu ya magogo, wakafunga kamba ya katani pembeni ya kushikilia, na watu walipoketi kula chakula cha mchana daraja lilikuwepo. Halikuwa na kibaraza, wala la kurudi.

Nililia pale, na niseme ukweli, nililia kwa hasira kwanza. Majonzi yalikuja baadaye. Nilitaka kumshika kila mmoja shati nimuulize, kumbe mliweza? Kumbe mlikuwa mnaweza muda wote huu? Lakini walikuwa wamelowa, wamechubuka mikono, wanalia pia, na mwalimu alikuwa akitetemeka kwa baridi huku mtu akimfunika kwa leso iliyotundikwa kanisani. Ningemwambia nini?

Mama alishuka mwenyewe. Nilimpa mkono akaukataa. Aliingia kwenye daraja akiwa ameshika kamba, akapita polepole, bila kutazama chini, na watu wa pande zote mbili wakaacha walichokuwa wakifanya mpaka akafika. Alipanda kamwinuko akipumzika njiani. Uani kwa mdogo wake wanawake wakampokea kwa kilio, naye akalia nao kama inavyopasa. Kisha wakamketisha kwenye kibao kilichokuwa mlangoni, akaegemea ukuta.

Nikaona anakodoa macho. Nikafuata anakotazama. Kutoka kwenye kibao kile nyumba yetu ilionekana yote: ua, mti wa mapera, jiko la nje na bati lake jeusi. Hatukuwahi kukaa pale wakati daraja la zamani lipo. Siku zile wote walikuwa jikoni.

Mke wa mwana wa mama mdogo alikuja na chai. Aliona tunaangalia wapi.

"Hapa ndipo alikuwa anakaa kila jioni," alisema. "Tulikuwa tunamtoa ndani, hata akiwa mgonjwa. Anangoja moshi wa jikoni kwenu. Ukitoka anasema, 'Dada amewasha.' Ukichelewa hatupumziki, anatuuliza kila saa kama tumeuona. Ukishatoka, ndio anakubali kuingia ndani kulala."

Mama alikipokea kikombe. Hakunywa.

"Na mimi kuna siku nilikuwa nalala bila kuwasha," alisema. "Naona uvivu kuwasha moto wa mtu mmoja."

Akakiweka kikombe chini.

Tulizika. Wiki chache baadaye nikapigiwa simu kwamba kamati inakutana. Nilidhani ni kuivunja. Ajenda ilikuwa daraja. Ilionekana kwamba daraja lililopo lilijengwa na msiba, si na kamati, kwa hiyo kwa mujibu wa kumbukumbu zetu halijajengwa. Wengine walisema lifunguliwe rasmi, wengine kwamba huwezi kufungua kitu ambacho hukukipitisha. Kwaya ilitaka mbao zake. Leso zilikuwa zimetundikwa upya, na mwenyekiti na makamu walikuwa wamerudi kila mmoja upande wake, wakisalimiana kupitia kwangu. Nikasema najiuzulu. Nikaambiwa kwa upole kwamba ombi la kujiuzulu linajadiliwa akidi ikitimia, na siku hiyo akidi haikuwa imetimia.

Jambo moja tu walikubaliana bila ubishi: Mama aombwe kukata utepe. Nilitumwa nimwambie. Nilimkuta akichuja munyu, taratibu, tone kwa tone, na sikumuuliza ni wa nani.

"Waambie asante," alisema. "Lakini mimi nilishavuka."

Wiki jana nikitoka kazini nilimpigia simu, nikasikia upepo na kuku wasio wetu.

"Uko wapi, Mama?"

"Niko ng'ambo."

"Kuna nini huko?"

"Hakuna kitu. Nimekaa hapa mlangoni naangalia kwangu."

Nikamuuliza anaona nini.

"Hakuna moshi," alisema. "Mwenyewe ametoka, naona."

Nikamwambia giza linaingia, arudi nyumbani.

"Nitarudi," alisema. "Wacha nimngoje kidogo."